Mwalimu Nyerere na Masomo ya Watu Wazima

Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kuwapa habari za maisha ya mtu ambaye jina lake mwalijua nyote, yaani Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Habari zake ni nyingi mno, wala haziwezi kuenea katika kurasa hizi chache. Kwa hiyo tumechagua jambo moja tu katika kazi zake, nalo ni hili: jinsi alivyojitahidi kuwafundisha watu waliokwisha kuwa wazima, ili mageuzi yaliyokuja upesi katika nchi yasiwakute hawana la kufanya. Tumelichagua kwa sababu waalimu wengi wa sharika zetu hufikiri ya kwamba shule ni kazi ya watoto, na kwamba mtu mwenye wajukuu amekwisha kupitwa. Maisha ya mtu huyu yatatuonyesha kama fikira hiyo ni ya kweli.

Utoto wake na shule zake

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Nyanza. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, naye mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi yule. Mtoto alipewa jina la Kambarage. Alikua kama watoto wengine wa nchi ile, akijua mifugo, mvua na mashamba, wala hakushika kitabu mpaka alipokuwa na umri wa miaka 12.

Katika mwaka wa 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, karibu na mji wa Musoma, safari ya mwendo wa siku nzima kutoka kwao. Mwaka wa 1937 alihamia shule ya serikali ya Tabora, ambako watoto wa watemi na vijana wengine wenye akili walifundishwa. Mwaka wa 1943 alikwenda Makerere katika nchi ya Uganda. Tena mwaka ule ule alibatizwa, akaitwa Julius. Alipokwisha kupata cheti cha ualimu alirudi Tabora, akafundisha katika shule ya misioni ya Mtakatifu Maria. Mwaka wa 1949 alikwenda Uingereza, akaingia chuo kikuu cha Edinburgh, akatoka huko mwaka wa 1952 na shahada yake, mmoja wa Watanganyika wa kwanza kabisa kupata heshima hiyo.

Wasomaji na watazame hesabu ya miaka hii. Kijana aliyeanza alfabeti mwaka wa 1934 alikuwa amekwisha maliza chuo kikuu cha Ulaya baada ya miaka 18 tu. Katika miaka hiyo michache alipita mambo ambayo mataifa mengine waliyapita kwa vizazi vingi: kutoka baraza la watemi hata sheria za mabunge, na kutoka masimulizi ya wazee hata vitabu vya wataalamu. Alipofika huko alikumbuka jambo moja, ya kwamba wenzake aliocheza nao utotoni walibaki Butiama, nao hawakuwa wajinga kuliko yeye. Walikosa nafasi tu. Basi tangu hapo swali lake lilikuwa hili: hao waliokosa nafasi watafanya nini, maana mageuzi hayatawangoja mpaka watoto wao wakue?

Jinsi Kariakoo ilivyomfundisha

Mwaka wa 1953 alianza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, mahali palipo nje kidogo ya mji wa Dar es Salaam. Siku za mapumziko alikuja mjini, na sehemu aliyoizoea hasa ilikuwa Kariakoo.

Wako wasioijua asili ya jina hilo. Katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walipouteka mji mwaka wa 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wao, walioitwa Carrier Corps kwa lugha yao, na watu wa mji wakaligeuza neno hilo likawa Kariakoo. Maelfu ya wapagazi wale walikufa kwa njaa na magonjwa. Baada ya vita likawa soko, na mitaa ya Waafrika ikaenea pande zote. Watu walikuja kutoka bara na pwani, Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wanubi, Wazulu na wengineo, wakapanga vyumba katika nyumba zile zenye ukumbi katikati na ua nyuma, wakajifunza kuishi pamoja kwa lugha moja ya Kiswahili. Mji wenyewe ulikua kwa haraka isiyo ya kawaida. Hesabu ya mwaka wa 1948 ilionyesha watu kama 69,000. Ile ya 1957 watu 128,000 na zaidi. Ile ya 1967 watu 272,000. Mtu aliyekuja mjini kijana aliona mji ukigeuka mara mbili tatu machoni pake kabla ya kuota mvi.

Katika mji wa namna hiyo watu walitafuta maarifa kwa bidii. Hata leo uko mtaa wa Kariakoo uitwao Aggrey, kwa kumkumbuka yule mwalimu mkuu wa Gold Coast, aliyefika Dar es Salaam mwaka wa 1924 pamoja na tume ya kuchunguza elimu katika Afrika. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1929, wenyeji walianzisha Chama cha Waafrika. Rais wao wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule, Cecil Matola, na mwandishi wao alikuwa Kleist Sykes, ambaye mwaka wa 1933 alikuwa pia mmoja wa wale walioanzisha jumuiya ya Kiislamu iliyojenga shule katika mitaa hiyo. Basi Mwalimu Nyerere alipofika, hakukuta watu waliolala. Aliwakuta wazee waliokuwa wakikutana na kushauriana kwa miaka zaidi ya 20.

Wazee wale walimpokea, na katika mwezi wa Aprili 1953 akachaguliwa kuwa rais wa chama, ingawa alikuwa mgeni, Mkristo kati ya Waislamu wengi, na mtu wa bara kati ya watu wa pwani. Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, aliyefanya kazi ya usimamizi wa soko la Kariakoo, alikuwa miongoni mwa wale waliomjulisha kwa watu wa mji. Nao walimfundisha mambo yasiyofundishwa Edinburgh: namna ya kuketi barazani, namna ya kumsikiliza mzee mpaka amalize, na namna ya kusema Kiswahili cha mji ili mwuza samaki na mwenye shahada waelewe neno lile lile. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ya chama iliyokuwa kwenye barabara ambayo baadaye ilipewa jina la Lumumba, chama kile kiligeuzwa kuwa TANU. Mwaka uliofuata, 1955, aliporudi kutoka New York, alikokwenda kuleta mambo ya nchi mbele ya baraza la Umoja wa Mataifa, aliambiwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha shule ya Pugu na mshahara wake.

Hapo pia twamwona Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa mji ule aliyejulikana kwa uimbaji wake. Alikwenda kwa wanawake wa vyama vya ngoma, kwa wapika maandazi na wauza pombe, na kwa muda wa miezi michache ya mwaka wa 1955 maelfu yao wakaandikishwa katika TANU. Wengi wao hawakujua kusoma kadi walizopewa, lakini waliyaelewa mambo ya nchi yao vizuri kabisa. Mwalimu alikuwa mtu wa vitabu. Lakini hapo Kariakoo aliona ya kwamba mtu asiyejua herufi aweza kuwa na akili pevu, tena aweza kuongoza wengine. Twafikiri ya kuwa mafundisho hayo hayakumtoka mpaka mwisho. Katika siku zile zile chama cha wazazi, TAPA, kilianza kufungua shule kwa nguvu za wananchi wenyewe, maana shule za serikali na za misioni hazikutosha.

Watu wazima kwanza

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Nchi ilikuwa kubwa, nao waliosoma walikuwa wachache sana. Watoto kama 486,000 tu ndio waliokuwa katika shule za msingi. Wenye shahada walihesabika kwa urahisi. Hata hivyo kazi zote zilizofanywa na wageni zilikuwa zikingoja watu wa kuzishika.

Yatupasa kutaja jambo moja ambalo wengi wamelisahau. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii hakikuanza mlimani. Kilianza mwezi wa Oktoba 1961 katika jumba la TANU, pale pale kwenye barabara ya Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, na wanafunzi wa sheria ambao hesabu yao haikufika 20. Waliotoka darasani walikutana mlangoni na wachukuzi wa mizigo na wauza machungwa. Mwaka wa 1964 chuo kilihamia mlimani, upande wa Ubungo. Katika mwaka ule ule wa 1961 kilifunguliwa pia chuo cha Kivukoni, kando ya bandari, kwa ajili ya watu wazima waliokosa masomo marefu utotoni.

Mwaka wa 1964, alipoeleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu aliweka wazi fikira yake. Alisema ya kwamba ni lazima kuanza na watu wazima, maana mtoto aingiaye shule leo hatabadili uchumi wa nchi kwa miaka mitano, au kumi, au hata ishirini. Bali mkulima na mfanya kazi wanaishika nchi mikononi mwao leo, na wakibadili nia zao, matunda yaonekana mara. Fikira hii ilikuwa ngeni kwa wengi. Wazazi walitaka fedha yote iende kwa watoto, na waliosoma waliona elimu kuwa ngazi ya kupandia kutoka shambani hata ofisini.

Jambo hilo la pili lilimhuzunisha sana. Katika mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi kama 400, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana mjini kuupinga mpango wa kuwapeleka katika Jeshi la Kujenga Taifa na kuwakata mishahara. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao, wala hakuishia hapo, bali alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliona ya kuwa elimu yaweza kumtenga mtu na jamaa zake, na kwamba taifa lenye wasomi wachache wanaojitazama wenyewe haliwezi kustahimili dhoruba za mageuzi. Baada ya miezi michache, Februari 1967, lilitoka Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi akatoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule iwe na shamba, mwanafunzi asidharau jembe, na masomo ya shule ya msingi yamtoshe hata yule ambaye hataendelea mbele. Tangu siku hizo Kiswahili kikawa lugha ya masomo yote katika shule za msingi.

Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1967 ilionyesha ya kuwa katika kila watu wazima 100, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Siku ya mwisho ya mwaka wa 1969 Mwalimu alisema na taifa lote katika redio, akautangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka ulipokwisha, alizitaja wilaya sita ambazo zilitakiwa kumaliza kutojua kusoma kabla ya mwisho wa 1971, nazo ni Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Masasi, na mji wa Dar es Salaam.

Kazi ilifanywa kwa njia rahisi, nasi twaieleza ili waalimu wetu wapate faida. Jioni, watoto walipokwisha kutoka, madarasa yalifunguliwa kwa wakubwa. Mahali pasipo na shule walikutana chini ya mti, au katika baraza la nyumba, au kazini kwao. Waalimu walikuwa walimu wa shule, wanafunzi wakubwa, makarani, na watu wa kawaida waliojua kusoma, nao walipewa posho ndogo tu au hawakupewa kitu. Vitabu havikuwa vile vya watoto. Katika nchi za ziwa, ambako mpango wa kujaribia ulikuwa umeanza mwaka wa 1968 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kusoma habari za pamba, mvuvi kwa habari za uvuvi, na mama kwa habari za chakula cha watoto. Hivyo neno alilolisoma usiku alilitumia asubuhi, wala halikumpotea.

Kisha kulikuwa na masomo ya redio. Katika mwaka wa 1973 yalifanywa mafunzo yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika vikundi vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, redio moja, na kijitabu. Walisikiliza, walisoma, wakajadiliana, ndipo wakaamua wenyewe la kufanya, kuchimba choo, au kufyeka majani yanayozaa mbu, au kuchemsha maji. Watu kama 2,000,000 walishiriki, na vyoo vingi sana vilichimbwa katika muda wa wiki chache. Mwaka wa 1975 yakafuata mafunzo mengine, Chakula ni Uhai. Mwaka huo huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliwekwa kwa sheria yake yenyewe. Tena mwezi wa Agosti ulifanywa mtihani wa kusoma na kuandika kwa nchi nzima, wakaufanya watu wazima zaidi ya 3,000,000. Wengine walikuwa na miaka 60 na zaidi. Wasiojua kusoma walionekana kupungua hata kama 39 katika kila 100, na hesabu ya serikali ya mwaka wa 1986 iliwataja kuwa chini ya 10.

Sisi tulio waalimu twajua maana ya jambo hili kwa mtu mmoja mmoja. Mwanamke wa sokoni aliyejifunza hesabu hakuweza tena kupunjwa na mwenye mizani. Baba aliyejifunza kuandika jina lake hakutia tena alama ya kidole mbele ya karani aliye mtoto kwake. Mama aliweza kuisoma barua ya mwanawe pasipo kumpa jirani siri za nyumba. Fedha za nchi zilikuwa zimebadilishwa mwaka wa 1966, na vipimo vya ratili na maili vikaondoka, zikaja kilo na kilometa. Mwenye kujua kusoma aliyapokea mambo hayo kwa taabu ndogo. Asiyejua alimtegemea mwingine kila siku, na huyo mwingine si mwaminifu sikuzote.

Mageuzi yasiyotanguliwa na mafundisho

Lakini hatutakuwa wa kweli tukisimulia mema peke yake. Katika miaka ile ile palikuwa na mageuzi mengine yaliyoletwa kwa amri. Kati ya mwaka wa 1973 na 1976 mamilioni ya watu wa mashambani walihamishwa wakae katika vijiji vya pamoja. Hapo mwanzo Mwalimu alikuwa ameandika ya kuwa ujamaa waja kwa kuelewa na kwa hiari. Lakini haraka ilipozidi, viongozi wengi walitumia nguvu, na pengine nyumba zilichomwa. Mashamba ya zamani yaliachwa mbali, na njaa ikaingia. Mwaka wa 1976 ilikuja Operesheni Maduka, ambayo ilifunga maduka ya watu binafsi ili yawekwe maduka ya ujamaa mahali pao. Bidhaa ziliadimika, hata serikali ikalazimika kuirudisha nyuma amri ile. Watu wa Kariakoo waliyajua mambo hayo kwa mifuko yao, na zaidi katika miaka ya vita vya Kagera na baada yake, watu walipopanga mistari kwa ajili ya sabuni, sukari na unga.

Na tuyapime mambo haya mawili pamoja, maana kiongozi ni yule yule, na watu ni wale wale. Katika Mtu ni Afya watu walielezwa sababu, wakaulizwa, wakachagua, nao wakachimba vyoo kwa mikono yao pasipo kusukumwa. Katika kuhamishwa vijijini wengi hawakuulizwa, na mara walipopata nafasi walirudi kwenye mashamba yao. Twaona basi ya kuwa elimu inayomsaidia mtu kupokea mageuzi ni ile inayomruhusu kuuliza pia kama mageuzi yenyewe ni mema. Mahali ambapo mtu amefundishwa kusoma amri tu, wala hakufundishwa kuijadili, elimu imebaki nusu.

Kanisa letu nalo liliguswa. Kwa sheria ya elimu ya mwaka wa 1969 shule za misioni ziliwekwa chini ya serikali, pamoja na zile ambazo Wakristo wa Kilutheri walizijenga kwa jasho lao. Wengi waliumia moyoni. Hata hivyo yatupasa kukiri ya kwamba shule nyingi zilikuwa katika sehemu chache za nchi, hasa Kilimanjaro na Bukoba, na kwamba watoto wa Kiislamu na wa sehemu zisizo na misioni walibaki nyuma sana. Mwalimu, aliye Mkristo na zao la shule za misioni, aliona ya kuwa taifa haliwezi kukaa kwa amani ikiwa elimu ni ya upande mmoja. Wasomaji wetu waweza kuwa na maoni mbali mbali juu ya njia aliyoitumia. Lakini jeraha alilotaka kuliponya lilikuwa jeraha la kweli.

Tena mwaka wa 1974, katika Azimio la Musoma, iliamriwa ya kuwa watoto wote wa umri wa shule waingie shuleni kabla ya mwisho wa mwaka wa 1977. Mapema katika miaka ya 1980 watoto karibu 3,500,000 walikuwa katika shule za msingi. Ni jambo kubwa. Lakini waalimu walitafutwa kwa haraka, wengine wakiwa vijana waliomaliza darasa la saba tu na kujifunza ualimu huku wakifundisha. Vitabu na madawati havikutosha, na mafundisho yakawa mepesi.

Mwisho wake

Mwezi wa Novemba 1985 Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake, jambo lililokuwa adimu katika Afrika ya siku hizo, akarudi Butiama. Hapo mashambani aliendelea na kazi ya kalamu. Zamani, katika miaka ya 1960, alikuwa amefasiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, ili aonyeshe ya kuwa lugha yetu yaweza kuchukua mambo makubwa. Katika uzee wake alizitunga Enjili na Matendo ya Mitume kwa mashairi ya utenzi, na kazi hiyo ikapigwa chapa mwaka wa 1996. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa ugonjwa wa saratani ya damu, akazikwa kwao Butiama.

Nayo kazi yake ya watu wazima ilipatwa na nini? Fedha za nchi zilipopungua katika miaka ya 1980 na 1990, madarasa ya jioni yalifungwa moja moja, magazeti ya vijijini yakakoma, maktaba ndogo zikakaa bila vitabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2002, waliojua kusoma walikuwa kama 7 tu katika kila watu wazima 10. Elimu ni kama shamba lililofyekwa: lisipopaliliwa kila mwaka, majani hurudi. Aliyejifunza herufi na asipate kitu cha kusoma huzisahau, na watoto waliokosa shule nao huwa watu wazima wasiojua.

Lililo mbele yetu

Kariakoo imegeuka tena. Soko kubwa lililochorwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuwa wasanifu wa majengo, likafunguliwa mwaka wa 1975, liliungua moto mwezi wa Julai 2021. Nyumba za ukumbi na ua zimeondoka karibu zote, na ghorofa zimesimama mahali pake. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 5,300,000 mwaka wa 2022. Tangu mwaka wa 2008 watu wamezoea kutuma fedha kwa simu ya mkononi, na mchuuzi wa nyanya hana budi kuisoma ile habari fupi ya simu ili ajue kama amelipwa kweli au amedanganywa. Asiyeweza kuisoma humpa kijana aliye karibu simu yake pamoja na namba yake ya siri. Huyo ndiye yule yule aliyetia alama ya kidole mbele ya karani zamani, ila karani wa sasa hamwoni kwa macho.

Basi, ndugu waalimu wa sharika, tukiyatazama maisha haya twajifunza mambo yaliyo katika uwezo wetu. Sharika zetu zina vyumba vinavyokaa wazi siku sita kwa juma. Zina watu wajuao kusoma, na wazee na akina mama wengi wanaoficha kutojua kwao, wakishika kitabu cha nyimbo mkononi na kuimba kwa kukumbuka tu. Wasitajwe mbele ya watu, wala wasifundishwe kama watoto. Waitwe kwa upole, wawili watatu, jioni, na somo lao la kwanza liwe kitu wanachokihitaji kesho yake: jina lao, bei ya mzigo, cheti cha hospitali, habari ya simu. Wapewe nafasi ya kuuliza na kubisha. Tena wakiisha kujua, wasiachwe bila kitu cha kusoma. Gazeti hili dogo na lipite mkononi mwao kila mwezi.

Mwalimu alikuwa na nguvu za serikali nzima, na redio, na vitabu kwa maelfu, wala hakumaliza kazi hiyo. Sisi hatuna hayo. Lakini darasa la jioni lenye watu watano lahitaji taa, ubao, chaki, na mtu mmoja mwenye subira.